Mito ya Sufi na Mawe ya Farumi

Haya wajukuu, sogeeni. Zamani ile ya zamani, bahari ikiwa bado inajifunza kupwa na kujaa, ikipwa ikisahau kujaa (usicheke wewe, ndivyo nilivyosimuliwa), palikuwa na mwali jina lake Mize, binti wa fundi wa vyombo.

Mize alikuwa akipelekwa ukweni, kisiwa cha pili. Na mwali wa enzi hizo hasemi. Njia nzima hasemi, mpaka mama mkwe amfunue ushungi. Akitamka neno, nuksi hiyo, anarudishwa kwao.

Chomboni mlikuwamo mitungi ya mwali, mitupu, na juu yake mlijaa mito ya sufi. Mito, mito, mito! Na somo yake aliyemfunda, Bi Mchanga, bado alitaka zaidi.

"Nahodha Faki, na hii iingie."

"Iingie wapi, bibi? Chini kuna farumi, mawe yanayokituliza chombo."

"Kwani mawe ndiyo yanayoolewa? Yatupe! Tutachekwa ukweni."

Faki naye alikuwa akimtamani Bi Mchanga. Basi akayatupa.

Mize akaona. Moyo ukamwambia sema, mila ikamwambia nyamaza. Akanyamaza.

Wakaenda, wakaenda. Bahari maziwa, mbingu maziwa, hujui chombo kinaelea juu ya ipi. Kikaja kipepo kidogo tu, cha kuzimia kibatari. Chombo kikalala kulia, kikalala kushoto, kulia, kushoto, kama mlevi anayetafuta mlango. Huko ndiko kwenda mrama, wanangu. Maji yakaanza kuchungulia ndani.

"Faki, tunakufa!"

"Si ulitaka mito? Haya, ilalie!"

Mize akajifunua ushungi mwenyewe.

"Nahodha! Mito itupwe! Mitungi yangu ijazeni maji ya bahari, ipangeni chini, palipokuwa na mawe!"

Bi Mchanga akashika kinywa. "Ole wetu, mwali kasema!"

Faki akajibu: "Kasema, nawe u hai wa kumsikia. Shika mtungi!"

Chombo kikatulia, taratibu, taratibu. Nyuma yao mito ikaelea, nyeupe, nyeupe, kama mawingu yaliyoshuka kulala.

Ukweni, mama mkwe akamkuta mwali uso wazi, hana hata mto mmoja. Bi Mchanga akainamisha kichwa.

"Kasema njiani, bibi. Asingesema, tusingefika."

Mama mkwe akachovya kidole mtungini, akakilamba. Akaangua kicheko.

"Mwanangu, bahari yote hii umeniletea mimi? Ingia ndani. Mito tutashona."

Tangu hapo, jambo likiyumba watu husema limekwenda mrama. Nami huuliza: farumi katupa nani? Na aliyeona ikitupwa, mbona alinyamaza?

Kisa kimeshusha tanga. Aliye macho ashuke, aliyesinzia abebwe.