Fundo la Semhando

Sogeeni karibu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, usitukingie mwanga. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana jina nitakalolitaja halitajwi huku watu wanatafuna karanga. Nyamazeni.

Zamani za mababu wa mababu zetu, kabla shoka la kwanza halijagusa msitu huu, alikuwapo Semhando mwana wa Kilua, wa mlima wa Kwelombo. Semhando Fahali, Semhando Shingo Isiyogeuka, aliyebeba jiwe la kusagia kutoka mtoni mpaka kileleni bila kulitua, aliyempiga nyati rungu moja na nyati akapiga magoti. Kamba aliyoifunga yeye hakuna mtu aliyeifungua. Na nguvu hizo, wanangu, ndizo zilizomponza.

Maana ndui ilipanda mlimani. Desturi ya Kwelombo ilikuwa hii: ndui ikiingia nyumbani, mlango unafungwa kwa nje kwa kamba ya magome, walio ndani wakaachwa humo ili walio nje wapone. Wazee wakamwita Semhando, kwa kuwa mafundo yake hayalegei. Akafunga nyumba ya kwanza, akafunga mpaka ya saba. Ya nane ilikuwa ya Mazinge, mama yake mzazi.

Mama akasema kutoka ndani, "Semhando, baba, usikaze sana. Huenda nikapona."

Akakaza.

Siku ya tatu aliwakusanya wazima akawaongoza kuhama, na moshi ulikuwa bado unatoka kwenye paa la mama yake. Akatamka: "Shingo isigeuke. Atakayetazama nyuma simjui." Basi hawakutazama.

Wakafika hapa tulipo. Semhando aliwafukuza wavamizi, aliua chui, alifyeka msitu, na watu wakamwimba. Lakini jina la Mazinge halikutajwa. Naye kila alipoona moshi ukitoka kwenye paa aliinuka, akachukua rungu, akaenda kutafuta kitu cha kuua. Miaka mitatu aliishi hivyo, mradi asikae mikono mitupu.

Na watu wake waliiogopa kamba yake kuliko ugonjwa. Mwenye homa alijipaka mafuta akacheka na wenzake mpaka aanguke. Mnkande, dada yake Semhando, alichomwa na mwiba mguuni; mguu ukavimba, homa ikapanda, akaficha. Akajikokota porini ili kaka yake asimwone. Walimpata kwa kuwafuata tai. Mwiba tu, wanangu. Mwiba!

Pale kaburini akasimama Mamweta mfinyanzi, mwanamke ambaye uso wake ulikuwa na mashimo ya ndui tangu utotoni.

"Fahali! Nyati unamweza, chui unamweza. Mlango wa mamako je?"

"Nyamaza, bibi," mtu akamnong'oneza, "utatuletea balaa."

"Balaa gani lililobaki? Mimi ndui ilinila uso ikaniacha, na hainirudii. Niliwaambia kule Kwelombo, niacheni niingie niwalishe wagonjwa, mkaniita mchawi. Semhando, huyu hakuuawa na mwiba. Amekimbia kamba yako."

Rungu likamtoka Semhando mkononi. Asubuhi yake alichukua jembe na kisu, akaigeuza ile shingo, akashika njia ya Kwelombo peke yake. Siku sita alitembea. Kwenye kijito cha mwisho alinawa miguu mara tatu, akatamani nyati atokee wapigane, apate sababu ya kuchelewa. Hakuna kilichotokea.

Fundo lilikuwa vilevile alivyoliacha. Alilivuta, likamshinda. Kisu alikuwa nacho, hakukitumia. Alilifungua kwa meno mpaka fizi zikatoka damu.

Mazinge alikuwa amelala nyuma ya mlango, mifupa ya mkono imenyooshwa kwenye upenyo. Hicho sicho kilichomwangusha Fahali. Jikoni majivu yalikuwa yamejaa mpaka mafiga hayaonekani. Kitanda hakikuwapo, kinu hakikuwapo, vigoda havikuwapo: mama alivichoma kimoja kimoja, moshi usikatike, mwanawe auone. Na chunguni mlikuwa na vipande vya ngozi ya kitanda, vimechemshwa. Mama alipona. Alipona, akaona njaa.

Semhando alizika wafu wa nyumba zote nane, na kila kaburi alilitajia jina. Kisha akarudi, akasimama ng'ambo ya mto wetu huu, akawaita watu wote, akasema:

"Mama yangu aliishinda ndui. Aliuawa na njaa nyuma ya fundo langu, nami moshi wake niliuona. Mlichokuwa mnakiimba ndicho hicho. Kuanzia leo mlango haufungwi kwa nje. Mgonjwa atasema naumwa, na aliyewahi kuugua ataingia amlishe."

Kisha akafunua kifua. Vipele vilikuwa vimekwisha kutoka.

Mzee mmoja, kwa mazoea tu, alikuwa ameshaokota kamba. Mamweta alimnyang'anya akaitia motoni, akavuka mto na kibuyu cha uji.

"Fungua mdomo, Fahali. Leo unalishwa kama mtoto."

Wanasema alicheka, mara ya kwanza tangu Kwelombo. Siku ya tisa alikufa, mlango ukiwa wazi, shingo imegeukia alikotoka. Waliougua baada yake walisema tunaumwa. Walilishwa. Wengine walikufa, wengi wakapona, na hao ndio waliotuzaa.

Ukoo wa Mamweta ulirithi kuingia wa kwanza kwa mgonjwa. Watoto wa Mnkande walirithi kisu ambacho hakikukata. Wanaume wa ukoo wa Semhando walirithi kutofunga fundo. Hata mbuzi wao hufungwa kamba na majirani, na wakichekwa hawajibu. Jina la Fahali hakulirithi mtu. Nasi wengine tulirithi milango isiyo na komeo la nje, na kazi moja: moshi ukitoka kwenye paa la jirani siku tatu, na yeye mwenyewe hujamwona, unakwenda kubisha. Unabisha mpaka ajibu.