Alama Nyekundu ya Bwana Faru

Hapo zamani za kale, bibi wa bibi yangu hajaota hata jino, wanyama walikuwa na mji wao. Tulieni basi! Nani huyo anajikunakuna? Mji huo ulikuwa na sheria: nyumba isijengwe chini ya hatua kumi kutoka barabarani. Ikisogea karibu zaidi, inabomolewa.

Msimamizi wa sheria alikuwa Bwana Faru. Kutwa yuko njiani na kopo la rangi nyekundu, anachora X kwenye kuta za watu. Kesho yake Nyati anapita kuvunja. Puu! Nyati hakujua kusoma, alijua X tu.

"Ukiona X, vunja," Faru alimwagiza. "Maneno ya mtu usisikilize."

Siku moja Faru akafika kwa Bi Pimbi, mjane mwenye vitoto vitatu vinavyonyonya. Akahesabu hatua, moja mpaka tisa. Shwaa! Shwaa! X ikakaa ukutani.

"Shikamoo, bwana mkubwa! Jamani, nimepungukiwa hatua moja tu! Hawa watoto nitawalaza wapi?"

"Marahaba. Sheria ni sheria."

"Mbona Kiboko kajenga katikati ya barabara kabisa?"

"Kiboko ana kibali maalumu."

"Basi nami nipe hicho kibali."

"Kiboko aliniletea mzigo mzima wa majani mabichi. Wewe una nini? Hamisha vyombo, Nyati anapita kesho."

Bi Pimbi akaizunguka nyumba mara moja, mara mbili, akaingia, akatoka, hakuweza hata kukaa. Na mvua za masika ziko njiani! Akaitazama rangi: bado mbichi, inachuruzika. Akamtazama Faru: jasho linamtiririka.

"Pole, bwana mkubwa, umechoka! Egemea hapa ukutani pana ubaridi, nikuletee togwa."

Faru naye kwa kupenda kubembelezwa! Akaegemea, pwaa, mgongo wote juu ya X. Akanywa, gudu gudu gudu. Alipoinuka, X anayo mgongoni.

"Nikubebee kopo, nikusindikize," akasema Pimbi.

Njiani kila mnyama aliiona. Lakini nani wa kumwambia mkubwa? Swala akaziba mdomo. Ngiri akajitia kukohoa. Pimbi anatembea upesi upesi, anaogopa rangi isije ikakauka.

Walipofika kwa Faru akasema, "Egemea hapo karibu na mlango, nikupanguse vumbi miguuni."

Faru akaegemea ukuta wake mwenyewe. Pwaa! Na X, wajukuu zangu, hata ukiigeuza inabaki X.

Asubuhi, puu! Faru akaruka kutoka kitandani. Ukuta wa mbele haupo.

"Nyati! Una wazimu? Hii nyumba yangu!"

"Ina X."

"Mimi nina kibali maalumu!"

"Ulisema nisisikilize maneno ya mtu. Hebu geuka. Lo! Kumbe hata wewe una X!"

Nyati akainamisha pembe. Faru huyoo, mbio! Nyati nyuma yake, vumbi tupu, wakazunguka mji mzima mpaka mlangoni kwa Bi Pimbi.

"Acha!" Faru akapiga kelele. "Nimefuta X zote! Zote!"

"Na hii yangu?" Pimbi akauliza dirishani, mtoto begani.

"Na yako!"

"Kwa hiyo kibali ninacho?"

"Unacho, dada yangu, unacho! Nisaidie!"

Nyati akasimama, anahema. "Haya, zifutwe nizione kwa macho." Bi Pimbi akatoka na tambara na mafuta ya taa. Akasugua ukuta wake kwanza, taratibu, kila pembe. Mgongo wa Faru ulisubiri.

Nami nimemaliza, mkalale. Funzo ni hili: anayewapa wakubwa msamaha na kuwanyima wadogo, iko siku atauomba yeye.