Mlio wa Gobore la Igulungu

Haya, sogeeni. Anayetaka cha kuchekesha leo aende kwa jirani. Mimi ninacho kimoja tu, na ni kichungu.

Palikuwa na vijiji viwili, Igulungu juu mlimani na Mbugani chini kando ya mto. Igulungu ni wawindaji. Kila nyumba ina gobore limetundikwa juu ya mlango. Mbugani ni wakulima wa mpunga, na kule silaha kubwa ya nyumba ni mwiko wa ugali. Ila wote walijua desturi ya mlimani: mtu akipotea porini, hupigwa gobore hewani kumwita. Maana yake, njoo huku, kuna watu na moto umewashwa.

Mbugani walikuwapo vijana watatu waliotengeneza michezo ya redio. Mihayo alijaliwa kutunga. Huyo angekusimulia alivyokwenda kununua chumvi, na ugali wako ukapoa. Nyamizi alijaliwa kujua mahali: mpe kisa, atakwambia kitokee wapi ili watu wakiamini. Lubango alijaliwa sauti. Mchele akiupepeta kwenye ungo, wewe unadhani ni mvua, unakimbilia kuanua nguo.

Basi Mihayo akatunga mchezo wa mafuriko. Watu wanayakimbia maji, wanapanda kwa jirani zao, na jirani wanawaua mlangoni.

"Kitokee hapa hapa Mbugani," akasema.

Nyamizi akacheka mpaka akashika mbavu. "Hapa? Mtu akufukuze mlangoni kwa nini, kwa mwiko? Si mtatukanana tu mpaka mvua ikatike! Sikiliza, Mihayo. Kisa cha jambazi kiweke pasipo na bunduki, watu wapate kukimbia na kujificha. Ukikipeleka Igulungu, jambazi analala chini kabla chai haijachemka, na hadithi imekwisha. Lakini kisa cha jirani kumgeuka jirani, hicho kiweke palipo na bunduki kila mlango. Kiweke Igulungu, na jina ulitaje."

"Wale si watani zetu?"

"Kwani magobore hawana?"

Mihayo akaandika Igulungu.

Lubango naye akapanda mlima na kinasa sauti chake. Akapokewa na mwindaji mmoja, Mzee Kaswaka, mtu mkarimu ajabu. Kaswaka akalitungua gobore, akampigia hewani, kisha akampa na asali ya kuondokea. Lubango akashuka, na mlio ule akauweka pale jirani anapomuua jirani.

Wee! Mchezo ulitikisa. Watoto wa Mbugani wakaanza kutishana, "Igulungu hao!" na kina mama wakaacha kupanda mlimani kuuza mchele. Redio ikawapa wale vijana mbuzi kwa kazi nzuri, na hapo ndipo urafiki ulipoingia mchanga.

"Mbuzi ni wangu," akasema Mihayo. "Bila mimi hakuna hadithi."

"Wangu mimi," akasema Nyamizi. "Bila mimi nani angeiamini?"

"Wangu," akasema Lubango. "Bila mimi nani angeogopa?"

Waligombana hadi mbuzi akazaa. Nasi tulicheka. Tulidhani ni utani tu.

Masika yakaja. Asubuhi moja mto ukapasua kingo. Mama mmoja, Kabula, akambeba mwanawe Tungu mgongoni, akashika njia ya mlimani pamoja na wenzake. Kule juu Kaswaka akawaona kwenye ukungu, wanapinda kuelekea korongoni. "Jamani, wanapotea hao!" Mkewe akainjika sufuria ya uji, yeye akalitungua gobore, akapiga hewani.

Chini, watu wakasimama. Mlio ulikuwa ule ule wa redioni.

"Wanatuua!" mtu akapiga kelele, wakageuka wote. Kaswaka alipowaona wanarudi kwenye maji, maskini, akapiga tena kuwaita. Wakazidi kukimbia. Kabula alikimbia nao, na maji yakampokonya mtoto mgongoni.

Tungu alipatikana maji yalipopungua, amenasa kwenye matete. Kabula akamlaza barazani, akamfunika kanga.

Sasa Mbugani kuna desturi. Aliyesababisha kifo hutamka kosa lake mbele ya watu, kisha hupiga jembe la kwanza la kaburi. Kabla ya hapo, maiti hazikwi.

Wa kwanza kufika alikuwa Kaswaka, mikono mitupu, analia kama mtoto. Akanyoosha mkono kulichukua jembe. Kabula akalivuta kwake.

"Wewe uliniita, baba. Mimi ndiye niliyekimbia."

Akawageukia wale watatu.

"Mimi nilitunga tu," akasema Mihayo. "Kijiji sikukitaja mimi."

"Mimi nilitoa jina tu," akasema Nyamizi. "Na magobore kweli wanayo."

"Mimi nilinasa mlio tu," akasema Lubango. "Wala haukuwa wa uongo."

Kabula akawatazama mmoja mmoja. Hakupandisha sauti.

"Siku ya mbuzi, kila mmoja wenu alisema bila yeye isingewezekana. Niliwasikia, nilikuwa napepeta mpunga pale. Mbuzi mlimgombea. Mbona hili hamligombei?"

Akaliweka jembe chini, katikati yao.

Nami nimewaachia hapo, kwa sababu mbele yake sijui. Jua limepanda, jembe bado liko chini, na Kabula anafukuza nzi kwa upindo wa kanga. Haya, ninyi mliosogea kunisikiliza! Aliyetunga, aliyechagua mahali, au aliyeleta mlio? Au Kabula aliokote mwenyewe? Wewe ungempa nani jembe lile? Sema upesi, mtoto hajazikwa.