Jina la Mtoto wa Siwema

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, kwa kuwa viyoyozi vilikwisha kuingia majumbani Tanga, palikuwa na mwanamke akiitwa Siwema. Alijifungua binti kabla ya miezi kutimia, kadogo, kanatosha viganjani. Mkunga alimwonya: joto kali lisimpate. Na joto la mwaka ule lilizifanya hata kuta zitoke jasho.

Mchana mmoja kiyoyozi cha chumbani kikaanza kupuliza hewa ya moto. Mtoto alilia hadi sauti ikamkauka. Kisha akanyamaza, akawa anahema tu. Kimya kile ndicho kilichomtisha Siwema.

"Atakayeleta ubaridi humu ndani," alisema huku akilia, "ndiye atakayempa mwanangu jina."

Mama mkwe wake, Bi Mwanamvua, alimvua mtoto nguo, akampangusa kwa kitambaa chenye maji, akampakata, akampepea. Mkono wa kulia ulipochoka, akapepea kwa wa kushoto.

Mbaruku, mumewe Siwema, alizima umeme, akafungua kiyoyozi, akachomoa chujio. Vumbi lilikuwa limeganda kama blanketi. Akaliosha chujio, akalikausha, akalirudisha. Upepo ukatoka kwa nguvu, lakini vuguvugu. Mbaruku akakaa chini, akashika kichwa.

Mara hodi. Alikuwa Chausiku, jirani wa ghorofani, aliyekosana na Siwema hata salamu hawapeani.

"Zulia langu nililoanika limeangukia mashine ya nje ya kiyoyozi chenu, limeifunika gubigubi. Nililiona tangu asubuhi, nikanyamaza kwa hasira. Lakini mtoto aliponyamaza, nimeshindwa kukaa. Nisamehe, Siwema."

Akatoka mwenyewe, akaliondoa. Mashine ikapumua. Baada ya kitambo ubaridi ukashuka chumbani, taratibu. Mtoto akapiga chafya, akatafuta ziwa, akanyonya, akalala.

Mbaruku akasema, "Jina nitatoa mimi. Bila chujio safi, ubaridi ungepita wapi?"

Chausiku akasema, "Uliosha, hewa ikabaki ya moto. Kosa lilikuwa langu, kweli, lakini hakuna aliyenijua. Nimekuja kwa miguu yangu. Nami nina jina, Siwema. Nilimwekea mwanangu, akazaliwa hahemi. Halijapata kuitwa na mtu."

Bi Mwanamvua akasema polepole, "Nyinyi mmeuleta ubaridi kwa mtoto. Mimi ndiye niliyemfikisha mtoto kwenye ubaridi."

Siwema akamtazama mumewe, vumbi limemjaa kwenye nyusi. Akamtazama Chausiku, zulia bado kalikumbatia. Akamtazama mama mkwe wake, ambaye chumba kilikwisha kupoa na mkono wake ungali unapepea. Wote watatu aliwapenda saa ile, na jina ni moja.

Haya, mnaonisikiliza, semeni: je, nani alistahili kumwita mtoto yule kwa mara ya kwanza?