Bangili ya Bi Nyamizi

Tulieni kidogo. Nina kesi inayoninyima raha, na leo nataka kuwatwisha.

Mjini Tabora walikuwepo ndugu watatu. Sudi, wa kwanza, alijua kutengeneza programu za simu. Tausi, aliyemfuatia, alikuwa na jicho: akimtazama mtu anavyofunga kifungo cha shati, anajua panapomuuma. Haruna, kitinda mimba, alikuwa mtu wa kutunza. Kila picha na kila sauti ya marehemu baba yao alikuwa nayo. Mama yao, Bi Nyamizi, alikuwa na presha na usahaulifu. Dawa alizisahau, na daktari alishasema wazi kwamba akiendelea hivyo, kiharusi kitamchukua.

Sudi akatengeneza programu ya kumkumbusha mama dawa. Ilifanya kazi hata bila intaneti, na mama asipobonyeza, simu za watoto wote zinalia. Kazi safi kabisa. Mama akaipokea ile simu, akaigeuzageuza, akamrudishia. "Maandishi gani haya, mwanangu, madogo kama sisimizi?"

Tausi akashinda na mama kutwa nzima, akiangalia vidole vyake. Vilikuwa vikavu, vinatetemeka, kioo hakivisikii. "Kaka, futa madoido yote," akamwambia Sudi. "Kioo kizima kiwe kitufe kimoja, na simu iongee." Sudi akafuta, simu ikaongea kwa sauti ya mashine, ya kike, yenye adabu zake zote. Mama akawaka. "Huyu mwanamke ni nani wa kuniamrisha nyumbani kwangu?" Dawa hakunywa.

Hapo Haruna akatoa alichokuwa nacho. Baba yao alikuwa akiuza asali, na kila akisafiri alimtumia mkewe ujumbe wa sauti: "Mama Sudi, umekunywa dawa? Kunywa. Niko njiani." Wakaiweka ile sauti. Simu ilipoita, mama aliitika, "Abee, Baba Sudi!" akameza vidonge, akabonyeza. Tausi alitaka maneno ya mwisho yakatwe. Haruna akakataa. "Hapo ndipo anapotabasamu, dada." Wakayaacha.

Presha ikashuka, nesi wa kliniki akawapongeza. Ningependa kuishia hapa, lakini wapi!

Mama akaanza kumngoja mumewe. Kila jioni anapasha maji ya kuoga, anafunika chakula, anaketi mlangoni mpaka chakula kinapoa, kisha analia. Tausi ikamshinda, akamwambia ukweli kwamba baba alishazikwa. Mama akaangua kilio, akajifunga kanga, akawa mjane upya. Kesho yake ameshasahau. Simu ikaita, akaitika kwa furaha, na jioni akapasha maji.

Basi wakayakata yale maneno ya mwisho. Mama akaisubiri simu imalizie, ikanyamaza. "Amenuna," akasema. "Siku hizi hata haniambii yuko wapi." Naye akasusa dawa, akibonyeza tu ili simu ikome, hata wakamkuta ameanguka jikoni, mdomo umekwenda upande. Wakayarudisha maneno mbio mbio.

Jana akawaita wote. Alikuwa amevua bangili ya fedha aliyovishwa na mumewe siku ya harusi, na maneno yalimtoka kwa shida.

"Nani kati yenu aliyemrudisha baba yenu? Bangili hii ni ya huyo. Ila kwanza aniambie, baba yenu anafika lini?"

Akaunyoosha mkono wenye bangili.

"Ni Haruna, mama," akasema Sudi. "Sauti aliitunza yeye."

"Bila programu ya kaka, sauti ingebaki kwangu tu," akasema Haruna.

Tausi alikuwa analia waziwazi. "Mimi nilishamwambia mara moja. Siwezi tena."

Mkono wa mama bado umenyooka. Atakayepokea bangili ndiye atakayejibu. Akisema kweli, anamzika baba mbele ya mama kwa mara nyingine, na kesho mama atasahau tena. Akidanganya, anamwacha mlangoni kila jioni mpaka siku ya kufa kwake. Mimi nimefikiri mpaka nimechoka, sioni pa kutokea.

Haya, wewe uliyekaa hapo unanitazama: bangili ungempa nani, na angemwambia nini mama?