Hodi Juu ya Theluji

Sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana hadithi hii ina mahali pa kunyamaza, na atakayekohoa hapo nitamtoa nje.

Walikuwepo Wapemba wanne waliosoma pamoja kaskazini mwa Japani, kwenye baridi inayouma masikio. Kombo alikuwa mwoga, na macho yake hayakutulia. Watu walimcheka, lakini hakuna kitu kilichompotea machoni. Mize alikuwa mjuzi wa watu, akijua utakalojibu kabla hujafungua mdomo. Faki alikuwa na mikono isiyochoka na kichwa kisichosikia la mtu. Wa nne, Shaame, hakuwa na kipawa cha kusimuliwa, ila alikuwa na mke mjamzito aliyemwacha Wete.

Likizo ilipofika wakataka kwenda kuteleza kwenye theluji kwa ubao, mchezo waliojifunza hukohuko ugenini. Wakakaa kuchagua mlima.

"Twendeni ule wa karibu na mji," alisema Kombo. "Njia zake pana, hata watoto wa chekechea wanateleza pale."

"Basi nenda ukacheze na chekechea," Faki akamwambia. "Mimi nautaka ule wa mbali, wenye theluji laini kama unga na njia inayopita katikati ya misonobari."

"Kwenye miti ndiko watu wanakozama, Faki."

Shaame akasema yeye ni bendera, atafuata upepo. Mize alijua kwamba hofu ya Kombo ina sababu, lakini naye alikuwa akiitamani ile theluji laini. Akasema waende wa mbali. Kombo akakubali kwa sharti kwamba yeye ateleze nyuma ya wote, awaone.

Sasa nyamazeni.

Waliingia msituni theluji ikianguka, Faki mbele, Kombo nyuma. Kufumba na kufumbua, Shaame hayupo. Chini ya msonobari theluji haishikani. Huacha shimo lililofunikwa juu, na anayepita karibu na shina hutumbukia kichwa chini, kisha theluji ya matawini ikamfukia. Hewa ya humo ni ya kubahatisha. Waokoaji wa mlima waliitwa kwa simu, nao walikuwa mbali sana.

Faki na Mize walirudi wakipanda kwa miguu, theluji ikiwafika kiunoni. Wakamkuta Kombo amesimama, miguu imekataa kabisa kwenda. Lakini kidole chake kilielekea mahali pamoja. "Kwenye ile miti mitatu," alisema. "Sikupepesa." Bila macho ya Kombo wangeutafuta msitu mzima.

Lakini mti upi? Wangekosea mara moja tu, wangemfukua maiti. Wakaita, "Shaame, Shaame." Kimya. Faki akaanza kulia. Ndipo Mize akakumbuka kwamba Shaame alilelewa na bibi yake shamba, na bibi alimfunza hivi: ukisikia jina lako porini na humwoni anayeliita, usiitike, huenda si mtu. Na kweli, kule chini gizani Shaame alikuwa akilisikia jina lake, akaamini majini wamekuja kumchukua, akauma meno. Mize akawanyamazisha wenzake. Akainama penye mti wa kwanza, akasema taratibu, kama aliyesimama mlangoni, "Hodi." Akaenda wa pili, "Hodi." Akaenda wa tatu, "Hodi wenyewe."

Sauti ndogo ikatoka chini ya theluji. "Karibu."

Mpemba gani ataisikia hodi asiijibu? Bila Mize wangechimba penye mti usiokuwa wake.

Faki akachimba. Alichimba kwa ubao mpaka ukavunjika, akaingiza mikono mpaka glovu zikachanika, akaendelea kwa vidole vitupu. Mize alipotaka kumpokea, Faki alimsukuma. Akaufikia mguu, akavuta, Shaame akatoka uso umekuwa wa buluu, akapumua. Vidole viwili vya Faki viliganda, na daktari akavikata. Bila mikono ya Faki, ile "karibu" ingekuwa neno la mwisho la Shaame.

Hospitalini Shaame aliogopa hata kufumba macho. Akampigia simu mkewe, Time.

"Nimeliona kaburi langu, mke wangu. Siku nikifa, mtoto wetu alelewe na aliyeniokoa."

"Nani huyo? Nitajie mmoja. Mtoto halelewi na baraza."

Shaame akawatazama wenzake waliokaa kando ya kitanda.

"Si mimi," alisema Faki. "Mlima niliuchagua mimi."

"Na mimi nilikuunga mkono," alisema Mize, "hali najua."

"Mimi niliujua ubaya wake nikaja vilevile," alisema Kombo. "Kisha nikasimama nikitazama."

Msiniambie wote watatu, Time ameshakataa. Mwoga hatamwacha mtoto apotee machoni pake, lakini miguu yake mmeiona. Mjuzi atausikia moyo wa mtoto, na siku akitamani jambo atajisahaulisha alijualo. Shujaa atatoa vidole vyake vyote kumwokoa, na ndiye huyohuyo atakayempeleka mlimani.

Simu iko sikioni mwa Shaame, na mkewe anangoja jina. Mtoto angekuwa wako, wewe ungemwacha mikononi mwa nani?