Kona ya Kadi

Nyamizi, fundi cherehani wa Tabora, alinunua kadi ya golikipa kwa elfu themanini dukani kwa Lubango, tajiri wa kadi za wachezaji wa mpira. Alipoirudisha kuiuza, akiwa na shoga yake Kabula, Lubango aliigeuza akaangua kicheko.

"Mama, kona imekunjika. Elfu mbili."

"Si ndivyo ulivyoniuzia, bosi?"

"Kadi yenye kona mbovu ni elfu mbili, hata iwe ya nani! Jamani, si kweli?"

Wateja wakaitikia, wakacheka naye.

"Hata ile ya kwenye kabati la kioo, ya laki tano?"

"Hata ile!"

Nyamizi akamwinamia Lubango sikioni, Kabula akisikia kando yake. "Basi fungua kabati. Nataka kuibandua ile karatasi ya bei uliyoibandika juu ya kona ya kadi, hawa waione kona iliyo chini yake. Ikiwa mbovu, naichukua kwa elfu mbili."

Lubango akaiinua tena kadi ya golikipa kwenye mwanga. "Lo, macho yangu! Kona imenyooka kabisa," akasema kwa sauti, akatoa elfu themanini.

Nje, Kabula akamshika mkono. "Ulijuaje kuwa hata ile ya kabatini kona yake ni mbovu?"

"Ile kadi mie siijui," Nyamizi akasema. "Namjua Lubango."